Upasuaji wa Kupunguza Matiti: Kwanza Tafuta Atakayekukunia Nazi

Mwanamke mwenye matiti makubwa kupita kiasi anapofika katika kliniki yetu ya upasuaji hapa Malindi, mara nyingi hataji matiti kwanza. Huanza na shingo. Hueleza kwamba shingo imemkaza tangu asubuhi, kwamba ifikapo alasiri mgongo wa juu unamwaka moto, na wengine huongeza kwamba vidole hufa ganzi wakilala. Ni baada ya kuvua buibui ndipo tunapoiona mifereji miwili iliyochimbwa mabegani na mikanda ya sidiria, na chini ya matiti, pale ngozi inapolala juu ya ngozi, upele uliolowa jasho ambao kila ukipakwa dawa ya fangasi hupoa kwa siku chache kisha hurudi. Kwa joto na unyevunyevu wa pwani yetu, hasa wakati wa kaskazi, upele wa namna hiyo haupati nafasi ya kukauka.

Hali hii haitokani na uvivu wala uroho, ingawa wako wanaosema hivyo hata mbele ya mgonjwa mwenyewe. Titi limeundwa kwa tezi za maziwa na mafuta, vyote vikiwa ndani ya mfuko wa ngozi, na tezi hizo huitikia homoni za kubalehe na za ujauzito. Urithi una sehemu yake, unene una sehemu yake, na wako wasichana wembamba ambao matiti yao huongezeka kwa kasi katika miezi michache ya kubalehe bila ya wao kunenepa. Kwa hiyo kupunguza uzito humsaidia yule ambaye titi lake ni mafuta zaidi, lakini ambaye titi lake limejaa tezi anaweza kukonda mwili mzima na kifua kikabaki vilevile. Kulifunga titi kwa leso iliyokazwa, kama wanavyofanya baadhi ya mabinti wanaoona haya, hakupunguzi chochote. Huongeza jasho na maumivu tu. Kabla ya kuzungumzia kisu sisi huhakikisha kwamba mgonjwa amejaribu sidiria iliyopimwa sawasawa yenye mikanda mipana, mazoezi ya mgongo, na matibabu kamili ya fangasi. Iwapo hayo hayatoshi, na uzito wa matiti wenyewe ndio chanzo cha maumivu, basi upasuaji ni tiba, na si urembo pekee kama inavyodhaniwa.

Upasuaji wenyewe hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa nusukaputi, na kwa kawaida huchukua kati ya saa mbili na nne. Kabla ya kuingia chumbani, daktari humchora mgonjwa akiwa amesimama wima, kwa sababu titi la mtu aliyelala hutawanyika na vipimo vyake hupotea. Mkato uliozoeleka zaidi huzunguka duara la chuchu, hushuka wima hadi kwenye mkunjo wa chini ya titi, kisha hufuata mkunjo huo kushoto na kulia; umbo lake ni la nanga, na kwa watu wa bahari halihitaji maelezo zaidi. Kwa matiti ambayo si makubwa sana mkato wa chini unaweza kuachwa. Tezi, mafuta na ngozi iliyozidi huondolewa, na nyama iliyobaki hushonwa upya ili titi liwe dogo na likae juu zaidi. Wengi huamini kwamba chuchu hukatwa na kubandikwa, na hofu hiyo imewarudisha nyumbani wanawake kadhaa. Kwa kawaida sivyo. Chuchu huachwa imeshikamana na ulimi wa nyama wenye mishipa ya damu na ya fahamu, kisha husogezwa juu pamoja nao. Ni pale tu titi linapokuwa kubwa mno, hata ulimi huo ukawa mrefu kiasi kwamba damu haitafika vizuri, ndipo daktari anapolazimika kuitoa chuchu na kuipandikiza. Katika hali hiyo hisia za chuchu na uwezo wa kunyonyesha kwa kawaida hupotea, na mgonjwa ni lazima aambiwe hivyo mapema. Nyama iliyoondolewa hupimwa uzito na kupelekwa maabara ili ichunguzwe kama ina dalili zozote za saratani.

Ni haki ya mgonjwa kujua anachotoa na anachopokea. Anapata nafuu ya shingo na mgongo, ambayo mara nyingi huanza kuonekana mapema sana, hata kabla ya vidonda kupona. Kwa upande wa pili anabaki na makovu ya kudumu, ambayo hufifia lakini hayafutiki, na kwa baadhi ya watu weusi hunyanyuka na kuwa magumu, jambo analopaswa kulitaja kila mwenye kovu la namna hiyo sikioni au penginepo. Hisia za chuchu zinaweza kupungua, na kwa wachache zikapotea kabisa. Matiti mawili hayatalingana kama yaliyopimwa kwa rula. Kunyonyesha kunawezekana kwa wengi ambao chuchu zao hazikutolewa, lakini hakuna daktari mwaminifu atakayeahidi kwamba maziwa yatatosha. Ndiyo maana tunamshauri anayetarajia kuzaa karibuni asubiri, na aliyeachisha mtoto ziwa angoje takriban miezi sita ili titi lirudi katika umbo lake. Msichana naye husubiri hadi matiti yaache kukua, isipokuwa hali yake iwe nzito kupita kawaida.

Maandalizi hayana mengi lakini hayana mzaha. Sigara, tumbaku ya kutafuna na ugoro huachwa angalau wiki nne kabla na wiki nne baada, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na chuchu inayokosa damu hufa. Aspirini na dawa za maumivu kama ibuprofeni, pamoja na dawa za mitishamba, zitajwe zote, maana baadhi yake huzidisha kutokwa na damu. Mgonjwa asiache dawa ya moyo kwa uamuzi wake mwenyewe. Kisukari na shinikizo la damu vidhibitiwe kwanza. Katika kaunti yetu ya Kilifi selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, si mgeni, kwa hiyo mwenye ugonjwa huo, au mwenye ndugu wa tumbo moja aliye nao, aseme kabla ya kulazwa usingizi. Wenye umri wa miaka 40 na zaidi hupigwa picha ya eksirei ya matiti. Wanawake wetu wengi huelekezwa Mombasa au Nairobi, na popote watakapokwenda wahakikishe kwamba daktari amesajiliwa na baraza la madaktari la Kenya, tena kama bingwa wa upasuaji wa aina hii. Kuhusu gharama, tangu Oktoba 2024 bima ya umma imehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, na ushauri wangu ni kuomba jibu la maandishi kabla ya kupanga tarehe, maana ahadi ya mdomo haifiki dirisha la malipo. Ridhaa ni ya mwanamke mzima mwenyewe, na kidole chake ndicho kinachotia saini, ingawa mume au mama akishirikishwa mapema huwa msaada mkubwa wakati wa kuuguza. Mwenye swali la dini namwelekeza kwa mwanachuoni, na humwandikia maelezo ya kitabibu ili swali liulizwe kwa ukamilifu wake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloharibu kazi nzuri kuliko kosa la kisu. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo au baada ya usiku mmoja au miwili, anatembea, anazungumza, anacheka na wageni, na nyumba nzima huamini kwamba amepona. Siku ya tano anaketi juu ya mbuzi na kukuna nazi. Kukuna nazi ni kuinamisha kifua, kubana mikono yote miwili na kusukuma mara mamia, na hakuna zoezi baya zaidi kwa mishono mibichi. Vivyo hivyo kusukuma chapati, kutwanga kinu, kufua na kukamua shuka, kupalilia shamba kule Magarini, kumnyanyua mtoto wa miaka miwili, na kubeba mtungi wa lita 20, ambao ni kilo 20 za maji pasipo kuhesabu mtungi wenyewe. Yote haya yasubiri hadi wiki ya sita. Ndiyo maana siku ya kwanza kliniki mimi humuuliza mgonjwa ni nani atakayemkunia nazi, na asiyekuwa na jibu namwomba akalitafute kwa wifi, kwa shangazi au kwa jirani kabla hatujaandika tarehe.

Kutembea taratibu ndani ya nyumba huanza siku ya kwanza, ili damu isigande miguuni. Kulala ni chali, kichwa na mabega yakiinuliwa kwa mito miwili au mitatu, na si kwa tumbo kwa wiki sita. Sidiria ya kushikilia, isiyo na waya na inayofungwa mbele, huvaliwa usiku na mchana kwa muda wa kama wiki sita na kuvuliwa wakati wa kuoga tu; ni vyema kuwa na tatu, kwa sababu zikilowa jasho hubadilishwa. Kuoga kwa maji yanayotiririka kwa kawaida huruhusiwa baada ya siku mbili, lakini kukaa kwenye beseni au kuingia baharini hungoja hadi ngozi ifunge kabisa. Kazi ya mezani inaweza kurudiwa baada ya wiki mbili au tatu.

Akina mama zetu wana desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto, na kwa mapenzi mema wengine hutaka kumkanda na aliyefanyiwa upasuaji. Tafadhali, asikandwe. Joto huzidisha uvimbe, na ngozi iliyopungua hisia huungua bila mwenyewe kujua. Liwa, dalia na mafuta ya nazi yasiguse mshono hadi daktari aseme umefunga. Anayeswali anajua ruhusa ya mgonjwa kuswali ameketi, na kitabibu ni bora aitumie katika majuma ya mwanzo, kwani kusujudu huvuta kifua.

Safari nayo ni sehemu ya matibabu. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120, na anayerudi Lamu bado ana barabara ya Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha mashua. Mkazi wa Lamu na alale Malindi usiku mmoja, ashuke garini kila baada ya saa moja au mbili anyooshe miguu, aweke mto mdogo kati ya kifua na mkanda wa gari, na akifika kisiwani asipande punda. Wengi hunisikia nikisifia miezi ya kusi kwa sababu hewa ni baridi na sidiria inavumilika. Hilo ni kweli kwa mtu wa Malindi, lakini kwa wa Faza au Kizingitini, kule visiwani Lamu, bahari ya kusi hupiga, na mashua inayorukaruka ni adhabu kwa kifua kilichoshonwa. Yeye namshauri abaki bara hadi aondolewe nyuzi.

Uvimbe, michubuko na maumivu ya kiasi katika majuma mawili ya mwanzo ni mambo ya kawaida. Pia hutokea kidonda kidogo kufunguka pale mistari miwili ya nanga inapokutana chini ya titi, na kwa kusafishwa na kufungwa vizuri hujifunga chenyewe. Lakini titi moja likivimba ghafla na kuwa gumu, hasa katika saa 24 za kwanza, huenda damu inajikusanya ndani, na hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo. Ni vivyo hivyo chuchu ikigeuka nyeusi au ya buluu, homa ikipita nyuzi 38, usaha ukitoka, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana na kifua kuchoma. Uvimbe mgumu unaojitokeza baada ya miezi kadhaa mara nyingi ni mafuta yaliyokufa ndani, lakini hilo lithibitishwe na daktari, lisikisiwe nyumbani.

Makovu huwa mekundu au meusi zaidi katika miezi ya mwanzo, kisha hulainika kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na muda wote huo yafichwe na jua. Umbo nalo hutulia polepole kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo zile sidiria nzuri ambazo mgonjwa hakuwahi kupata saizi yake zingoje hadi mwezi wa tatu angalau, na akienda dukani apimwe upya, kwani namba aliyoizoea haitakuwa yake tena.