Safari ya kisiwani ya wawili: anzeni na bahari, mlima usubiri

Wanandoa wanaoniomba niwapangie safari ya kisiwani bila watoto huja na orodha ndefu: kuzamia, kupanda mlima, kayaki, baiskeli, kutazama nyangumi na, muda ukibaki, kulala. Orodha haina ubaya. Tatizo ni mpangilio. Watu walioamshwa alfajiri miaka nenda rudi wakipata nafasi huogopa kupoteza hata saa moja, basi hupanga siku kwa jinsi wanavyotamani, si kwa jinsi mwili na bahari vinavyoruhusu. Mimi ni mwalimu wa uzamiaji na pia huongoza matembezi ya milimani. Kabla sijauliza mnapenda nini, huuliza ndege yenu ya kurudi inaondoka lini.

Sababu ni nitrojeni. Kila mita 10 unazoshuka majini, shinikizo huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wote wa hewa unaotukalia tukiwa ufukweni. Kwenye kina cha mita 20 tayari ni mara tatu ya lile la juu, na hewa unayoivuta kutoka kwenye mtungi ina shinikizo hilo hilo. Nitrojeni ya ziada huyeyuka ndani ya damu na misuli, na kutoka kwake ni polepole. Ukienda mahali penye shinikizo dogo kabla haijatoka, hugeuka viputo: viungo vinauma, ngozi inakufa ganzi, na hali ikiwa mbaya mtu anapooza.

Ndani ya ndege ya abiria shinikizo linaweza kushuka hadi kuwa kama la mlima wa mita 2,400 hivi. Ndiyo maana mwongozo unaofuatwa na wazamiaji wengi ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 kama mmezamia mara kadhaa au siku kadhaa. Mimi huwaambia wageni wangu saa 24, na sijadiliani. Watu wengi hukumbuka ndege kubwa ya kuwarudisha nyumbani, wakasahau kile kindege cha kuwatoa kisiwa kidogo kwenda kisiwa kikuu. Nacho ni ndege. Hesabu ianzie hapo.

Na mlima haujali kama umefika kwa mbawa au kwa gari. Hawaii, mtu anaweza kuzamia asubuhi na jioni ile ile akawa juu ya Mauna Kea, mita 4,207, kuangalia machweo. Onyo la huko ni kwamba aliyezamia asipande mpaka saa 24 zipite. Réunion kuna Piton des Neiges, mita 3,070. Visiwa kama Maldives havina tatizo hilo, kwa kuwa ardhi yake imeinuka mita chache tu juu ya bahari.

Kwa hiyo kuzamia kunakaa mwanzoni mwa safari, ila si siku ya kwanza kabisa. Siku hiyo mmechoka, mmekaukiwa maji, na kama mna watoto wadogo basi uwezekano ni mkubwa kwamba mmoja wenu amepanda ndege na mafua waliyomwachia. Unaposhuka majini lazima usawazishe shinikizo masikioni kwa kubana pua na kupuliza taratibu. Pua ikiziba, sikio haliachii, na kulazimisha kunaweza kupasua kiwambo cha sikio. Dawa ya kuzibua pua huweza kuisha nguvu mkiwa chini bado. Siku ya kwanza eleeni juu juu na miwani na bomba la kupumulia, mtazame matumbawe, basi.

Joto nalo linakubaliana na mpango huu. Mwili usiozoea tropiki huhitaji wiki moja hadi mbili kujirekebisha: jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi zaidi, chumvi inayopotea hupungua, mapigo ya moyo hutulia kwa kazi ile ile. Matembezi magumu, basi, yawe siku za mwisho, mkiwa mmeshazoea kiasi, na mwanze kabla jua halijatoka. Siku ile mliyoiacha tupu baada ya mbizi ya mwisho, kwa ajili ya nitrojeni, ni siku ya kulala. Hatimaye.

Kayaki inategemea saa kuliko nguvu. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, na kwenye mlango wa mwamba, yaani uwazi wa matumbawe ambamo maji hupita, mkondo huwa mkali zaidi katikati ya kupwa, yaani saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kutoka. Wakati huo msiwe karibu na mlango huo. Palipo na pepo za msimu, upepo mara nyingi hushika kasi kadiri mchana unavyosogea. Pigeni kasia dhidi yake mkienda, uwasukume mkirudi. Kayaki ya watu wawili ina sheria yake: wa mbele hutoa mwendo, wa nyuma huongoza. Nimeona ndoa imara zikitikisika humo. Kama hali inaruhusu, kila mtu apewe yake.

Kwa sababu hiyo hiyo huwatenganisha wanandoa wakati wa kujifunza kuzamia. Mwenye uzoefu humfundisha mwenzake kwa haraka, na yule mwingine huficha hofu ili asimkwaze. Majini hiyo ni hatari. Kila mmoja ana haki ya kukatisha mbizi wakati wowote bila kueleza kwa nini. Anainua dole gumba, wote wanapanda. Kumbukeni kwamba dole gumba majini maana yake ni kupanda juu, si kwamba mambo ni mazuri. Kama hamfurahii kitu, bishaneni mkiwa mmeshafika juu ya maji.

Yaliyobaki ni ya makaratasi. Bima nyingi za kawaida za safari haziingizi uzamiaji, au huweka kikomo cha kina. Ulizeni pia kama inalipia kusafirishwa hadi kwenye chemba ya shinikizo, chumba cha kumtibu aliyepata vile viputo vya nitrojeni, maana visiwa vingi vidogo havina. Someni kipengele cha pikipiki za kukodi, kwani bima huweza kukataa kulipa kama aliyeendesha hana leseni inayofaa. Mlezi wa watoto aachiwe barua yenye saini za wazazi wote wawili inayomruhusu kuwapeleka hospitali na kukubali matibabu, pamoja na namba ya kituo mnachozamia, kwa sababu simu zenu zitakuwa zimefungiwa ndani ya boti mkiwa chini.