Volkano haitoi kaboni kuliko binadamu

Mjadala wa tabianchi ukipamba moto, hakosekani wa kusema kwamba volkano moja ikilipuka hutoa kaboni kuliko magari na viwanda vyote duniani, basi ya nini kuhangaika na makaa ya mawe na petroli? Si kweli, na tofauti yenyewe ni kubwa mno.

Volkano zote kwa pamoja, za nchi kavu na za chini ya bahari, hutoa chini ya tani bilioni 1 ya kaboni dayoksaidi kwa mwaka. Sisi, kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi, hutoa zaidi ya tani bilioni 35. Hata volkano ya Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka mwaka 1991, badala ya kuipasha dunia joto iliipoza kwa takriban nusu nyuzijoto, kwa sababu gesi yake ya salfa iligeuka ukungu angani ukapunguza mwanga wa jua.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi umo hewani kwenyewe. Mimea hupendelea kaboni nyepesi, hivyo makaa na mafuta yaliyotokana na viumbe vya kale yana kaboni-13, yaani aina nzito ya kaboni, kidogo. Kaboni ya volkano ina kaboni-13 zaidi. Wanasayansi wanapopima hewa, wanakuta uwiano wa kaboni-13 unashuka mwaka hadi mwaka, huku oksijeni nayo ikipungua kidogo kidogo, kama inavyotarajiwa kitu kinapoungua. Volkano haili oksijeni namna hiyo, wala isingeshusha kaboni-13.