Kijiji Kinachozima Simu Ili Yako Ijue Ilipo

Abiria wa ndege ndogo ya pangaboi inayotoka mji wa Longyearbyen kwenda kijiji cha Ny-Ålesund hutakiwa wazime waifai na bluetooth, na simu waiweke katika hali ya ndegeni. Safari yenyewe haifiki hata nusu saa. Ila wakishatua hawaruhusiwi kuwasha tena. Mtafiti aliyekwenda kwa miezi mitatu atakaa hivyo miezi yote mitatu, na ole wake aliyesahau saa janja mkononi.

Ny-Ålesund iko Svalbard, visiwa vya Norway, kilomita 1,230 hivi kutoka Ncha ya Kaskazini. Kilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe hadi Novemba 1962, mlipuko ulipoua watu 21 na mgodi ukafungwa. Sasa nchi zipatazo 10 zina watafiti wao pale: Ujerumani, Ufaransa, India, China, Korea Kusini na nyinginezo. Kiangazi, jua lisipozama kwa miezi minne, kijiji huwa na watu zaidi ya 100. Wakati wa giza la majira ya baridi hubaki 30 hadi 40.

Milango haifungwi kwa ufunguo. Anayekimbizwa na dubu mweupe hapigi hodi. Anaingia nyumba yoyote iliyo karibu. Anayetoka nje ya kijiji hubeba bunduki na fataki za kumtishia dubu, baada ya kufunzwa kuzitumia. Viatu huachwa mlangoni, desturi iliyobaki tangu enzi za masizi ya mgodini. Hapo msomaji wa pwani atajiona yuko nyumbani.

Turudi kwenye simu, maana sisi wapimaji wa Dunia ndio tuliozizimisha.

Nje kidogo ya kijiji, Idara ya Ramani ya Norway imejenga antena mbili pacha, kila moja yenye kipenyo cha mita 13 hivi. Kazi yake ni kusikiliza kwazari, vitovu vya galaksi vinavyong'aa kutoka umbali wa mabilioni ya miaka ya nuru. Mawimbi ya redio ya kwazari yanapofika duniani yamedhoofika mno, kiasi kwamba simu moja inayotafuta waifai karibu na antena huyafunika kabisa. Ndiyo maana masafa ya gigahezi 2 hadi 32 yamepigwa marufuku ndani ya kilomita 20. Intaneti ipo, lakini hupita kwenye waya.

Kwa nini tuhangaike na vitu vya mbali hivyo? Kwa sababu Dunia haizunguki sawasawa kama tunavyodhani. Upepo na mikondo ya bahari huiharakisha au kuichelewesha kidogo, na mhimili wake huyumba. Setilaiti za GPS, zinazoiambia simu yako ilipo, zinazunguka angani na haziwezi peke yake kutuambia Dunia iliyo chini yake imegeuka kiasi gani. Kwazari ziko mbali mno hata zinaonekana kama zimesimama, hivyo tunazifanya vigingi vya kupimia. Antena zilizo mabara tofauti hupokea wimbi lilelile, kila moja kwa wakati wake, na saa za atomu hurekodi tofauti hiyo. Hartebeesthoek, Afrika Kusini, ni kituo kimojawapo cha mtandao huu.

Chukua mtu aliyesimama Nanyuki, penye Ikweta. Mzunguko wa Dunia unambeba kwa kasi ya mita 465 kila sekunde. Hesabu ya mzunguko ikikosewa kwa elfu moja ya sekunde tu, ardhi aliyosimama imehama karibu nusu mita. Kosa hilo likiachwa lirundikane siku baada ya siku, ramani inayomwongoza bodaboda mlangoni kwako itaanza kumpeleka kwa jirani.

Vipimo hivyohivyo vimetuonyesha kuwa Ny-Ålesund yenyewe inapanda kwa milimita kadhaa kila mwaka, kwa kuwa barafu iliyokuwa ikiilemea ardhi inayeyuka. Kwa hiyo kituo chetu nacho kinasogea, na inabidi kipimwe kila mara kabla ya kukitumia kupimia vingine.