Jinsi Ubongo wa Mtoto Unavyojifunza Kusoma

Mwaka 1887 mkazi mmoja wa Paris alipatwa na kiharusi. Aliendelea kuzungumza vizuri, kuelewa anachoambiwa na hata kuandika, lakini hakuweza kusoma hata maneno aliyotoka kuyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Akifuatisha herufi kwa kidole aliitambua. Akiitazama tu, haikumwambia kitu. Daktari Jules Dejerine alimfuatilia, na mgonjwa huyo alipofariki mwaka 1892, uchunguzi wa maiti ulionyesha jeraha la zamani nyuma ya ubongo, upande wa kushoto.

Mwaka 2000 Laurent Cohen, Stanislas Dehaene na wenzao nchini Ufaransa walitumia mashine za kupiga picha za ubongo ukiwa kazini, wakabainisha kipande kidogo cha gamba la ubongo kinachoitikia maneno yaliyoandikwa. Kiko chini, upande wa kushoto, kati ya sehemu ya kisogoni inayohusika na kuona na sehemu za ubavuni zinazohusika na lugha. Kwa wasomaji wa Kifaransa, Kiarabu, Kiebrania na Kichina, mahali penyewe ni karibu palepale.

Hata hivyo hakuna mtoto anayezaliwa na eneo la kusomea. Uandishi una umri wa miaka 5,000 hivi, muda mfupi mno kwa ubongo wa binadamu kuumbika upya kwa ajili yake. Kabla ya shule, eneo hilo hutambua nyuso, vitu na maumbo. Kujifunza kusoma ni kulipatia eneo hilo kazi mpya na kuliunganisha na maeneo ya sauti, na muunganiko huo ndio anaoujenga mwalimu.

Ushahidi mzuri ulitoka Brazili na Ureno mwaka 2010. Kundi la Dehaene lilichunguza watu wazima 63: 10 wasiojua kusoma, 22 waliojifunza ukubwani, na 31 waliosoma tangu utotoni. Kadiri mtu alivyosoma kwa kasi, ndivyo eneo lile lilivyoitikia maandishi kwa nguvu zaidi. Maeneo ya kusikia lugha nayo yalibadilika: msomaji huzipambanua vizuri zaidi sauti za maneno anayoyasikia. Waliojifunza ukubwani walionyesha sehemu kubwa ya mabadiliko hayohayo, kwa hiyo anayejiunga na darasa la elimu ya watu wazima hajachelewa.

Mtoto anayeandika b badala ya d asichapwe wala kuchekwa. Mfumo wa kuona umezoea kwamba kikombe ni kilekile, mkono wake ukielekea kushoto au kulia. Kwa herufi, ubongo unapaswa kuacha mazoea hayo, na kwa watoto wengi hilo huchukua hadi umri wa miaka 7 au 8. Kinachosaidia ni mkono: mtoto afuatishe b kwa kidole huku akitamka sauti yake, siku kadhaa, ndipo d iletwe. Kuzifundisha zote mbili siku moja ni kumchanganya bure.

Maandishi ya Kiswahili yana neema yake: irabu ni tano na kila moja ina sauti moja. Makosa huanzia kwingine. Mtoto anayefundishwa majina ya herufi, "be, che, de", kabla ya sauti, atalisoma neno "baba" kama "be-a-be-a" na hatapata neno. Afundishwe sauti, kisha aunganishe: b na a, ba. Akishaimudu silabi nyepesi, aende kwenye ch, sh, ny na tofauti ya ngoma na ng'ombe, halafu mbwa na nywele. M ya "mtu" ihesabiwe kama silabi kamili, maana wengi huiruka.

Hatari kubwa zaidi ni kukariri. Darasa zima huimba ukurasa ubaoni bila kukosea, na mwalimu akaamini wanasoma. Kupima ni rahisi: andika maneno yasiyo na maana kama "dipofa", "gusemi" na "ng'aveto", umwite mwanafunzi mmoja mmoja. Anayejua kuunganisha sauti atayasoma. Aliyekariri atakwama au atataja neno analolijua.

Baadaye tatizo huwa urefu wa maneno. Akikokota "ha-ta-ku-so-me-a", mtoto anafika mwisho akiwa amesahau mwanzo, maana kumbukumbu ya muda mfupi imejaa. Mpe aya fupi ileile aisome kwa sauti mara tatu au nne, wewe ukimsomea kwanza. Viambishi vinavyojirudia, kama "hata-" na "wana-", vitaanza kutambuliwa kwa mkupuo.

Wapo watoto ambao, pamoja na mafunzo mazuri, husoma kwa taabu: wenye disleksia. Si uvivu, na si upungufu wa akili. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walilinganisha wasomaji wa Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza wenye hali hiyo. Katika lugha zote tatu shughuli ilipungua katika eneo lilelile la kushoto la ubongo, lakini Waitaliano walifanya makosa machache kuliko wenzao kwa sababu tahajia yao ni nyoofu: neno husomwa kama lilivyoandikwa. Tahajia yetu inafanana na ya Kiitaliano kwa hilo. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili asisubiri makosa mengi, aangalie kasi. Mtoto anayesoma sawasawa lakini polepole mno kuliko wenzake, muhula baada ya muhula, apimwe kwanza macho na masikio. Vikiwa salama, apewe mazoezi ya sauti na silabi peke yake au katika kikundi kidogo, dakika chache kila siku, na muda zaidi kwenye mtihani.