Je, wajua kwa nini biashara humlipa mtu wa nje aje kuiambia mambo yake yenyewe?

Kijana wa Kizanzibari akitaka kuoa haendi mwenyewe kupeleka posa, anatafutiwa mshenga. Si kwamba hana ulimi. Yapo maneno ambayo akiyasema yeye yataharibu, na akiyasema mshenga yatasikilizwa, hata mahari yakazungumzwa bila ya mtu kumvunjia heshima mkwewe.

Mshauri mwelekezi katika biashara hufanya kazi iliyo jirani na hiyo. Wengi hudhani analipwa kwa elimu yake tu, lakini mimi naona nusu ya thamani yake ni kwamba hana undugu na mtu pale dukani.

Chukua duka la vitambaa la Darajani ambalo baba amewaachia watoto wanne. Kaka mkubwa ndiye anayekwenda Dubai kununua mzigo. Majora yasiyouzika yamejaa stoo na wadogo zake wote wanayaona. Nani atamwambia? Mdogo akisema, hana adabu. Shemeji akisema, anautolea macho urithi. Karani akisema, kesho hana kazi. Anaitwa mhasibu wa nje, anahesabu jora kwa jora, anaandika kila moja liliingia lini, kisha anaweka karatasi mezani: pesa kiasi hiki zimelala stoo tangu mwaka juzi. Hapo kaka anaweza kukubali, kwa sababu hakuna mdogo wake aliyemsuta.

Sababu ya pili ni gharama. Hoteli ya Nungwi humhitaji mtaalamu wa maji inapojengwa, na pengine tena baada ya miaka mingi. Kumwajiri kwa mshahara wa kila mwezi ni kumlipa akae. Isitoshe, huyo wa nje ameshapita hoteli nyingi. Mwenyeji amekiona kisima chake kimoja, mwenzake ameviona vingi, na anajua kwamba kisima cha pwani kikivutwa maji kupita kiasi huingia chumvi.

Kazi hii ina umri. Mwaka 1886, mjini Boston, mkemia Arthur D. Little alianza kuvifanyia viwanda uchunguzi kwa malipo. Mwaka 1926 James McKinsey, profesa wa uhasibu, alifungua kampuni yake ya ushauri Chicago. Kisa chake kinanigusa. Mwaka 1935 Marshall Field, kampuni ya maduka makubwa iliyokuwa mteja wake, ilimwita aje kuiongoza. Akafunga shughuli, akapunguza watu, akakumbana na upinzani mkali, na mwaka 1937 akafariki dunia. Kumwelekeza mtu njia ni jambo moja, kuubeba mzigo ukaipita njia hiyo ni jingine.

Ndiyo maana ushauri una hatari zake. Yupo bosi aliyekwisha kuamua, anamwita mshauri aje kumbarikia tu. Huyo ametuma mshenga baada ya harusi, na pesa yake imepotea. Na yupo mshauri anayeandika yaliyo sahihi kitabuni bila ya kuwauliza wenye kazi. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani ataambiwa, na ni kweli, kwamba maji ya kina kifupi yamezidi joto kwa kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, kwa hiyo ahamie kwenye kina kirefu. Lakini wakulima wengi ni wanawake, wengi wao hawajui kuogelea, na huko hakufikiki kwa miguu. Mtaalamu aliyeteremka nao pwani maji yakitoka, akawaona wanavyofunga mbegu kwenye kamba, ataanza na boti na mafunzo ya kuogelea kabla hajataja kina.