Mmea "mpenda chokaa" maana yake nini hasa?

Mtu akisikia mmea unaitwa mpenda chokaa anawaza moja kwa moja kwamba ukiumwagia chokaa ndo unanenepa, kumbe wala. Maana yake ni mmea unaomudu udongo uliotokana na mawe ya chokaa, wenye pH (kipimo cha asidi, ikipanda asidi inapungua) ya juu, kuanzia 7 kupanda, ambako mimea mingi inashindwa. Inashindwa kwa nini? Madini ya chuma yamo tele lakini hayayeyuki, na mzizi haunywi kisichoyeyuka. Weka hapo mmea uliozoea udongo wa asidi uone, jani jipya linageuka njano huku vijishipa vyake vimebaki kijani, yaani mmea unakufa njaa na chakula kipo mlangoni. Huyu mpenda chokaa mizizi yake inatoa asidi yenyewe, inayeyusha chuma na fosforasi hapohapo ilipo.

Mfano ninaoupenda ni Echinacea tennesseensis, ua la pinki-zambarau lenye kitovu cha miba miba, kwao ni katikati ya Tennessee huko Marekani, kwenye viwanja vya mawe ya chokaa karibu na Nashville. Udongo pale ni kidogo tu juu ya mwamba, majira ya baridi unalowa chapachapa afu kiangazi unakauka kama kigae. Miti mikubwa haipati pa kushika mizizi na hiyo ndo salama ya hili ua, maana kugombania jua na majirani warefu haliwezi. Watu walishadhani limetoweka, likaonekana tena miaka ya 1960, mwaka 1979 likaingia kwenye orodha ya serikali ya mimea iliyo hatarini na 2011 likatolewa, baada ya kulindwa na kupandwa sehemu kadhaa.

Sasa kwenye kulipanda ndo watu wanaliua kwa mapenzi. Samadi debe zima, maji asubuhi na jioni, linarefuka haraka haraka linalala chini, mara shingo ya mzizi inaoza. Ukweli ni kwamba hata chokaa sio lazima, udongo wa kawaida unatosha ilimradi maji yasituame, kwa hiyo changanya kokoto, chagua penye jua la kutwa, palilia, mbolea achana nayo.

Mbegu zichanganye na mchanga wenye unyevu kidogo uweke kwenye friji (sio friza jamani) mwezi mmoja na zaidi, bila kupita baridi, nyingi hazioti. Mwaka wa kwanza unaweza kuona majani machache tu, usikate tamaa ukang'oa, linashusha mzizi mkuu chini kwanza. Na kama una Echinacea purpurea, ndugu yake, bustanini, ziweke mbali na hili, la sivyo nyuki watachanganya chavua na mbegu utakazovuna zitatoa machotara.