Jipigie debe, lakini usitie chumvi

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mahamri ya asubuhi, sawa. Kwa kutafuta kazi Mombasa hii, sikubali. Mimi nachuja maombi ya ajira, mengi ya kampuni za uwakala wa forodha na ya hoteli za Nyali na Bamburi, na wanaoachwa nje mara nyingi ni watu hodari walionyamaza.

Chukua karani aliyeandika kwenye wasifukazi wake: "Karani, kampuni ya forodha, 2019 hadi 2023." Basi. Ukimhoji ndipo unagundua kuwa entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, ikikataliwa, yeye ndiye aliyeitwa kufuatilia KRA (mamlaka ya mapato) hadi mzigo ukaachiliwa kabla ya gharama za kuhifadhi kontena kuanza kuhesabiwa. Mbona hukuandika? "Naona haya kujisifu." Dada yangu, hakuna aliyekuomba sifa. Tunataka utusimulie kazi uliyoifanya, na hiyo si majigambo.

Upande wa pili yuko "mtaalamu wa forodha, uzoefu wa miaka saba". Huyu namuuliza swali moja: kontena limeshuka bandari ya Kilindini, entri imekataliwa, unaanzia wapi? Aliyeifanya kazi hiyo hunirudishia swali: imekataliwa kwa nini? Namba ya HS (ya kuainisha bidhaa), thamani ya bidhaa, au haioani na manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli? Aliyekariri huanza hotuba kuhusu uongozi na kujituma.

Kuna na wale wanaojitwalia jasho la wenzao. Mhudumu wa mapokezi anaandika kwamba aliijaza hoteli mwezi Desemba. Desemba! Hoteli za Pwani Desemba hujazwa na likizo, na meneja anayesoma wasifukazi huo analijua hilo. Angesema alitatua malalamiko ya wageni waliokuta vyumba vyao vimepewa watu wengine, ningempigia simu siku hiyohiyo.

Vyeti vya kughushi sivizungumzii sana. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa ukaguzi umefichua zaidi ya vyeti 2,000 vya aina hiyo, na matokeo ya mitihani ya kitaifa mwajiri anaweza kuyathibitisha KNEC, baraza la mitihani.

Lakini karatasi moja ya halali wengi hawaidai. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, isipokuwa kama alifanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Kinaonyesha ulianza lini, uliacha lini na kazi yako ilikuwa ipi. Kukusifu, sheria haimlazimu. Kwa hiyo hata kama mliachana kwa ubaya, kidai.

Sasa waajiri nao. Unatangaza nafasi ya karani wa kuanzia, unataka uzoefu wa miaka mitano na mshahara huutaji. Kisha kwenye mahojiano unamuuliza mtu udhaifu wake ni upi, ukijua fika kwamba atakujibu "nafanya kazi kupita kiasi". (Swali hilo nalichukia.) Hapo ni wewe uliyemfundisha kuongopa. Mimi huwaambia wateja wangu waondoe hiyo miaka mitano na waweke kazi ndogo ya majaribio ya nusu saa. Wengine hukubali. Wengine huniambia nibaki na kuchuja kwangu.